Shangazi Chuma Hana Mdomo

4 Machi

Haya Mdaku wangu, karibu, vuta kiti. Nakuita Mdaku kwa sababu mtu anayefungua shajara ya mwenzake hana jina lingine. Usinune. Mimi mwenyewe ni mdaku, tutaelewana.

Naandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mvua imeanza jana na wateja wamekata mguu. Chumbani tuko mimi, Mama Mdogo, cherehani mbili na kimya. Mama Mdogo ni mdogo wake mama, fundi wa sare za shule, na haongei. Si bubu, usinielewe vibaya. Anaongea vipimo. "Kiuno." "Geuka." "Mkono juu." Ukimsalimia anaitikia, ukiongeza swali anashika mkasi. Mtaani wanamwita Bibi Futi. Mama alinileta kwake nijifunze kushona kwa sababu nyumbani nilikuwa nafungua vitu. Nilifungua redio nikajifundisha mwenyewe kuifunga, nikafungua pasi, na nilipoifungua friji ndipo nikapakiwa na begi langu.

Sasa sikia. Leo mchana umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, tivii ikawaka yenyewe, na pale ubavuni ilikuwa imechomekwa flashi. Ikaanza tamthilia ya anga. Mimi hizo huwa nazicheka: watu wazima wamevaa nguo za kulalia za kubana, wanagombana na vibonyezo. Nikawa natafuta rimoti nizime. Rimoti siioni. Kwenye kioo, nahodha mmoja mwanamke, mzee, anatembea kwenye korido ndefu ya chombo chake kwenda kuwaamsha abiria waliolalishwa safari nzima. Anafungua mlango. Vitanda vyote vitupu. Anaweka kiganja juu ya shuka. Shuka lina joto.

Ikaishia hapo. Mdaku, nilibaki nimesimama katikati ya chumba, mdomo wazi, pini nne zimenining'inia. Watu wote wale wamekwenda wapi, angani, ambako hakuna nje?

5 Machi

Sehemu tatu. Sijashona hata pindo moja.

9 Machi

Mvua. Nimemaliza msimu wa kwanza. Inaitwa *Watoro wa Nyota*, na usiniambie mambo ya abiria, bado nina uchungu.

Ngoja nikueleze inavyofanya kazi, maana bila hili hutanielewa. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha jamaa anayeitwa Kipaza. Yeye huchukua tamthilia za nje, anapunguza sauti yake ya asili mpaka inabaki kama watu wanaoongea chumba cha pili, halafu anaweka ya kwake juu. Mtu mmoja, sauti zote: nahodha, daktari, mtoto, adui, hata mlango ukifunguka anakuambia, "huo sasa mlango". Halafu anauza kwenye flashi. Mtaa mzima unaangalia kwa koo lake.

Na ndani ya chombo kile kuna roboti. Shangazi Chuma. Mrefu, ana jicho moja la bluu, anasimama pembeni wakati wakubwa wanashauriana, halafu anatupa neno moja tu na kikao kinavunjika. Nahodha anafoka, yeye anamwambia, "Umenipigia kelele tangu asubuhi, sasa niambie unachoogopa." Daktari anajisifu, yeye anasema, "Mgonjwa amepona, wewe ndiye umebaki na homa." Wanawake wanaokuja kupimwa nguo wanakaa hadi mchana ukiisha kwa ajili yake. Muuza mkaa wa jirani anasema kama angekuwa na shangazi wa hivyo asingeolewa pale alipoolewa.

Mama Mdogo hacheki. Anashona. Lakini nimeona kitu: Shangazi Chuma akianza kuongea, mguu wake unapunguza mwendo kwenye kanyagio.

15 Machi

Leo kaja Mjomba, kaka yao mkubwa. Muuza matairi, mtu wa tumbo na miwani ya jua hata kwenye mvua. Amesimama katikati ya chumba, akapima ukuta kwa macho, akasema chumba hiki kinaangalia barabara na duka lake limejaa. Nyumba ni ya marehemu babu, na tangu babu afariki, Mjomba ndiye anaisemea. Mvua zikiisha, matairi yanaingia hapa. Cherehani zihamie veranda ya nyuma.

Veranda ya nyuma, Mdaku. Bati lina matundu kama chujio, mvua ikiisha linaingia vumbi, na mteja ili afike inabidi apite jikoni. Nani ataleta kitambaa cheupe cha sare pale? Bila chumba hiki Mama Mdogo si fundi tena, ni mama fulani mwenye cherehani uani.

Nikamwangalia. Nikasema moyoni, sasa atasema.

Akasema, "Sawa, kaka."

Nimeshtuka mpaka nikajisikia kama mimi ndiye niliyesema. Kilichonimaliza zaidi ni nje. Mjomba anafungua mwavuli, anamwambia muuza mkaa kwa sauti ya msikitini na kanisani kwa pamoja kwamba mdogo wake mwenyewe amejitolea chumba, hakuombwa, ana moyo wa ajabu. Amejitolea! Nilikuwa nimeshika pasi ya moto. Mungu alinishika mkono.

16 Machi

Mvua iendelee. Sijawahi kuomba hivyo maishani.

24 Machi

Balaa. Na la leo ni langu.

Tulikuwa na oda ya mashati ya shule, Mama Mdogo kaniachia kola. Nilikuwa naangalia msimu wa pili huku nashona, mkono unaenda wenyewe. Nimekuja kushtuka mwishoni: kola zote nimezishona za mshazari, zimefungwa begani na kifungo kimoja, kama za mabaharia wa *Watoro wa Nyota*. Zote. Nilizipanga mezani nikakaa mbele yake nikisubiri kurudishwa kwetu.

Mama Mdogo akaja. Akainua shati moja. Akaligeuza, akakagua mshono, ambao, niseme ukweli, ulikuwa umenyooka.

"Hawa watoto," akasema, "wanaenda shule au wanaenda mwezini?"

Halafu akakaa, akaanza kufumua.

Tumefumua pamoja mpaka vidole vikauma, na hakusema lingine. Lakini mimi niliganda. Si kwa sababu ni sentensi nzima. Ni namna alivyoisema, bila kuinua macho, akaiacha idondoke. Nimewahi kuisikia sauti ya aina hiyo mahali, na sikumbuki ni wapi.

2 Aprili

Kaa chini, Mdaku. Kama umesimama kaa chini.

Nilikuwa nimemaliza vyote alivyotafsiri Kipaza na msimu wa mwisho bado hajautoa. Siwezi kusubiri, mimi si mtu wa kusubiri. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, nilianzia kitabu cha maelekezo ya cherehani, nikaingia kwenye maandishi ya chini ya filamu, sasa naelewa mtu akiongea taratibu. Nikaweka bando, nikaitafuta *Watoro wa Nyota* ya asili kwenye simu. Nikasema nianze mwanzo kabisa, nimsikie Shangazi Chuma kwa sauti yake mwenyewe.

Nikasubiri aongee. Sehemu ya kwanza, kimya. Nikadhani simu. Nikaongeza sauti. Sehemu ya pili, ile ya nahodha kufoka: nahodha anafoka, roboti anageuza kichwa, jicho linawaka, nahodha anaondoka. Basi. Hakuna neno. Nikaruka mbele, nikaruka tena. Ya daktari: kimya. Ya harusi, ambapo mtaa mzima ulilia: kimya. Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

Hana mdomo, Mdaku. Hajawahi kuwa na mdomo. Hawamwiti hata Shangazi, wanamwita kwa namba kama mashine ya kufulia. Anafungua milango na kubeba masanduku. Misimu yote ile hajasema hata "ndiyo".

Nilikaa kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa kama niliyefiwa. Yaani mimi nimempenda mtu ambaye hayupo?

3 Aprili

Sijaangalia kitu. Nimeshona. Mvua.

7 Aprili

Nimekwenda kwa Kipaza na simu mkononi kama polisi. Ni mwembamba, mrefu, anakohoa, kibanda kimezibwa magodoro ukutani ili kelele za barabara zisiingie. Nikamwekea mbele picha ya asili. Nikamwambia wewe ni mwongo, mfasiri kazi yake ni kusema kilichosemwa, na kile ambacho hakikusemwa hakipo, huwezi kukitia tu kwa sababu una maiki.

Nilitegemea akane. Akanisogezea stuli.

"We Umeme," akasema, ndivyo anavyoniita, "angalia jicho la yule roboti. Kila kikao yupo. Kila uonevu anauona. Ungemwacha asimame pale misimu yote bila neno?"

Nikamwambia ndiyo, ningemwacha, kwa sababu ndivyo walivyomtengeneza.

Akakohoa muda mrefu. Akasema basi siku nikishika maiki nitafanya hivyo. Halafu, nikiwa nimeshafika mlangoni, akaongeza kwamba kuna sentensi nyingi kwenye kinywa cha Shangazi Chuma ambazo hakuzitunga yeye. Nikamuuliza za nani. Akavaa spika zake za masikioni, akajifanya ana kazi.

15 Aprili

Mvua inapungua. Leo jua lilichungulia na nikalichukia. Mjomba amepita akapima mlango kwa futi yetu wenyewe.

16 Aprili

Naandika harakaharaka, ukishindwa kusoma vumilia.

Mvua ilirudi kwa hasira mchana na ikamkuta Mjomba humu ndani, alikuja kuonyesha mafundi wake wapi rafu za matairi zitakaa. Wakakwama. Muuza mkaa naye alikimbilia humu, na mteja mmoja aliyekuja kupunguza gauni. Muuza mkaa akasema tusikae kama tunasubiri daktari, weka *Watoro*. Mimi nilikuwa bado nimenuna, lakini nikaweka. Msimu wa pili, ile ambayo nahodha mzee anafariki. Hawajamaliza hata kumfunika, naibu wake anakwenda kukaa kwenye kiti chake, anaweka mikono juu ya mikono ya kiti, anatabasamu. Shangazi Chuma anageuza kichwa. Jicho linawaka. Kipaza anasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Kiti umekikalia kabla hakijapoa."

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Alisimama. Si kusimama kwa kuondoka, alisimama kama kiti kimemuuma. Miwani ikamshuka puani na macho yake nikayaona kwa mara ya kwanza, madogo, yameogopa.

"Huyo kaambiwa na nani?" akauliza.

Muuza mkaa akacheka, akasema mzee, ni roboti huyo, wanaambiana huko huko angani. Mjomba hakumsikia. Alikuwa anamwangalia Mama Mdogo. Nami nikageuka. Kanyagio lilikuwa limesimama kabisa. Mama Mdogo ameinamisha kichwa juu ya kitambaa, na shingo yake, Mdaku, imenyooka. Sijawahi kuiona vile.

Mjomba akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Mafundi wakamfuata.

17 Aprili

Nimemuuliza. Asubuhi, kabla hatujafungua dirisha. Nilidhani atashika mkasi. Akaweka uzi kwenye sindano kwanza, halafu akaniambia yote bila kupandisha sauti, kama anayesoma vipimo vya mtu mwingine.

Babu alipofariki, wageni wa msiba hawajaondoka, Mjomba alikaa kwenye kiti cha babu akaanza kugawa: huyu achukue shamba, huyu duka, na mdogo wetu, kwa kuwa hana mume, atabaki kumtunza bibi. Mama Mdogo wakati huo alikuwa na umri wangu na ulimi wa moto, mtaa mzima ulimjua. Alisimama mbele ya watu akamwambia sentensi ile ya kiti. Akaongeza nyingine: "Mnanigawia kazi kama mnanigawia zawadi." Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Wazee wakakaa. Akaambiwa amemvunjia heshima kaka yake mbele ya marehemu. Akapigishwa magoti na kuomba radhi, watu wote wakiangalia, mama yangu akiwemo. Mama yangu mwenyewe, Mdaku, alikuwa amekaa pale na hakusema kitu.

"Nikaona," akasema, "kama maneno yangu yanapigishwa magoti, bora nisiyatoe."

Na Kipaza? Alikuwa kijana wa jirani, kazi yake siku ile ilikuwa kubeba viti vya wageni. Alisikia. Amekua nyumba ya pili, amesikia mengi. Mama Mdogo anasema siku alipomsikia Shangazi Chuma mara ya kwanza, dukani kwa mtu, alisimama mpaka sehemu ikaisha, halafu akaenda kununua tivii.

Hawajawahi kuongea jambo hili, yeye na Kipaza. Hata mara moja. Anamshonea suruali, anampima kiuno, anamwambia geuka.

Sasa mimi nifanye nini na ule utaratibu wangu wa kilichosemwa na ambacho hakikusemwa?

26 Aprili

Kipaza amepatwa na kinundu kwenye koo. Daktari amemkataza kuongea, hata kunong'ona, mpaka amwone tena. Kibanda kimefungwa. Watu wanasimama nje kama wamefiwa: na msimu wa mwisho je?

4 Mei

Kipaza kanitumia ujumbe kwa simu, na nilikuwa nimesimama mbele yake. "Umeme. Utarekodi wewe. Unajua lugha, unajua hadithi, na mdomo wako haukai."

Nikasema sawa kabla hajamaliza kuandika. Nimeruka kutoka kibandani mpaka cherehani bila kukanyaga tope. Mimi!

5 Mei

Nimeuangalia msimu wa mwisho wa asili ili nijiandae. Natamani nisingeuangalia.

Chombo kimeharibika, hawafiki popote bila kipuri. Kipuri kiko kifuani kwa roboti. Nahodha, yule aliyekuwa naibu, anawaambia wenzake, mnaona mwenyewe hana kinyongo. Anachukua bisibisi. Wanamfungua kidogo kidogo, bamba kwa bamba, na wakati huo wanaongea mambo ya chakula. Jicho linazima. Anayepita baadaye anaruka mabaki yake kwenda zake. Hakuna aliyelia, hakuna muziki.

Na mtaa mzima unasubiri kusikia atasema nini.

12 Mei

Mvua ni za kubahatisha sasa. Rafu za matairi zimeletwa, zimeegeshwa nje ya ukuta wetu. Mjomba tangu siku ile hajaingia ndani, anatuma watu. Kwa muuza mkaa anaendelea kusema vilevile: amejitolea.

14 Mei

Nimerekodi leo, mchana, magodoro ukutani, jasho kama nimeogeshwa. Kipaza amekaa kwenye mashine, ananiongoza kwa vidole. Nimekuwa nahodha, nimekuwa daktari, nimekuwa mlango. Mdaku, ni utamu ambao sina jina lake, ni kama kuendesha watu.

Tukafika kwenye bisibisi. Mama Mdogo alikuwa amekuja kuniletea chakula, amesimama nyuma na sufuria ndogo mkononi. Nahodha akasema yake, kwa mdomo wangu. Kichwa kikageuka. Jicho likawaka. Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Kwa kanuni yangu palitakiwa pawe kimya, na kwa kanuni ya Kipaza palitakiwa neno, na mimi sikuwa na neno. Kipaza akainua kidole: endelea. Picha inakwenda. Bamba la kwanza limeshafunguliwa.

Sufuria ikawekwa chini. Mama Mdogo akapita pembeni yangu, akainama kwenye maiki, bega lake likanigusa. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyekuwa na muda wote duniani:

"Haya, fungua. Lakini ukishanifungua, usiwaambie watu kwamba nilijitolea."

Jicho likazima.

Kipaza alisahau kusimamisha mashine. Alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Mama Mdogo akaokota sufuria yake, akaniambia nile kabla hakijapoa, akavuka barabara kurudi kazini.

17 Mei

Mama Mdogo simtambui. Leo kamwambia mteja, gauni halijabana, ni wewe umeficha pumzi, iachie. Mteja akacheka mpaka akakaa. Kamwambia muuza mkaa Jumamosi flashi ikitoka aje na mumewe. Ameniuliza tena itatoka lini hasa. Nikamwambia Jumamosi asubuhi. Akarudia, Jumamosi, kama mtoto.

Na bado vitambaa vinafungwa kwenye mashuka kwa ajili ya kuhama. Hajasema lolote kuhusu chumba. Nadhani ameshakikatia tamaa na ameamua atasikika basi.

Mvua hakuna.

19 Mei, Ijumaa

Mdaku, leo sina utani.

Mchana nilikuwa kibandani peke yangu, Kipaza amekwenda kwa daktari. Nilikuwa najaribu spika, nikaiweka sehemu ile ya bisibisi ili nisikie kama sauti inakwaruza. Mlango wazi. Sauti ya Mama Mdogo ikatoka mpaka barabarani. Nilipoinua macho Mjomba amesimama mlangoni, miwani mkononi.

Akaomba nirudie. Nikarudia. Akakaa kwenye stuli, na mtu mzima yule, tumbo lote lile, alionekana amepwaya ndani ya shati lake. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeshayapangia majibu.

Hakunitukana. Alisema kila mtu mtaani amesikia kwa mdomo wake kwamba chumba kimetolewa kwa hiari. Sasa watasikia haya, na kwa sauti ya nani, hakuna atakayehitaji kufafanuliwa. Ana binti wa kuozesha, ana wateja, ni mzee wa kamati ya mtaa.

"Mwanangu," akasema, "futa hayo maneno. Yafute tu, na chumba ni chake. Nitazihamisha rafu leo hii, nitatangaza mwenyewe kwamba nimebadili mawazo, na sitakigusa tena maisha yangu yote."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie yeye mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akasema asijue. Akijua, atakataa, wewe humjui yule, nilimjua kabla hajanyamaza. Na kipande kikitoka, hata kwa bahati mbaya, hata kwa simu ya mtu, matairi yanaingia siku hiyohiyo.

Nimemwamini, na hilo ndilo linalonitesa. Hakuwa anadanganya.

Kipaza aliporudi nikamweleza. Aliandika kwenye simu muda mrefu, akafuta, akaandika tena, mwisho nikaona maneno matatu tu: "Maiki ni yako." Nilitaka kumpiga.

Nikija kuangalia, kazi yenyewe ni ya kidole kimoja. Naweka kimya pale, inakuwa kama ilivyo kwenye asili, neno kwa neno. Si ndivyo nilivyomfokea Kipaza, kwamba kile ambacho hakikusemwa hakipo? Nikifuta hakuna anayeweza kuniita mwongo. Mama Mdogo anabaki na dirisha lake, mwanga wake, wateja wake, mpaka uzeeni. Halafu kesho asubuhi anakaa mbele ya tivii na muuza mkaa na mumewe na mteja wa gauni, wote aliowaalika yeye, kichwa cha roboti kinageuka, jicho linawaka, na anajisikia amenyamazishwa tena. Safari hii na mimi.

Nisipofuta, mtaa unamsikia, na Jumatatu tunashonea verandani, chini ya bati lile, mpaka wateja waishe.

Nikamwambie? Nikimwambia nimevunja sharti, na chumba kimekwenda kabla hata hajachagua.

Hivi ninavyoandika yuko pale, ametandika kitambaa cheupe juu ya meza, anachora kwa chaki. Amejifungia kitambaa kipya kichwani, cha kesho, anakijaribu. Ameniuliza naandika nini kwa bidii hivyo, au nimepata mchumba. Nikasema hapana. Akasema vizuri, maana angempima kwanza.

Flashi iko mfukoni mwangu. Nje rafu zimeegemea ukuta na Mjomba amekaa kwenye gari lake, taa hajawasha, anasubiri nitoke nimpe ishara.

Wewe, Mdaku, uliyesoma yote haya bila kuombwa. Ungefuta?